Nyumba ya Magurudumu ya Mama Zaina

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa stoo ya mbao, nikawaachia ninyi, vijana wa karakana, meza yangu pamoja na gundi iliyoganda kwenye pembe yake tangu kabla ya vita. Mliniomba niandike mambo ya kazi kwa sababu, mlisema, nikizungumza nasahau nilipoanzia. Ni kweli. Basi nimekaa hapa kwangu Kabondo, Kisangani, baada ya sala ya alfajiri, na daftari la shule la mjukuu wangu. Namshukuru Mungu aliyenitoa katika miaka yote ile ya misumeno na vidole tisa na nusu. Fundi mwenzangu mmoja alitoka na saba, naye pia alishukuru.

Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini siziandiki. Naandika yatakayowafaa mkiwa chini ya kamio na midomo imejaa misumari.

Nilianza kijana, nikitoka chuoni. Chuo nisemacho ni cha Kurani. Mwalimu alinivumilia miaka saba, na baba alitumaini kwamba mimi pia nitakuwa mwalimu. Lakini nilikuwa hodari zaidi wa kuchonga vibao vya kuandikia kuliko kuhifadhi yaliyoandikwa juu yake. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyemwambia baba, kwa upole, kwamba Mungu anahitaji maseremala pia.

Kazi ya karakana ilikuwa hii. Kamio ilifika bandarini ikiwa uchi: injini, shasi, magurudumu manne au sita, na mara nyingi hata kiti cha dereva hakuna. Yaliyobaki tulitengeneza sisi: kabini, bodi ya kubebea mpunga na pamba, mabenchi ya abiria, na mara moja sanduku kubwa la kuonyeshea sinema mashambani. Patron wetu, mwenye karakana, alikuwa Mzungu mfupi asiyependa maneno. Akiona kazi nzuri alipita bila kusimama, na tulijifunza kuifurahia sauti ya viatu vyake vikipita.

Aliyenifundisha ni Papa Likenge, Mlokele wa Isangi. Kabla ya kuja mjini alikuwa mtengenezaji wa mitumbwi, kama baba yake. Siku yangu ya kwanza hakunipa msumeno. Alinipa kitambaa chenye mafuta na kunionyesha kamio mbovu uani.

"Ingia chini yake. Angalia."

"Niangalie nini, Papa?"

"Ukijua, utatoka."

Nililala chini ya kamio ile tangu asubuhi. Niliona kutu, niliona matope, niliona buibui akipita kwa raha zake. Karibu na adhuhuri niliona kwamba bolti zote za shasi zilikuwa nyeusi isipokuwa mbili, zilizong'aa kama pete.

"Papa, bolti mbili zinang'aa!"

"Donc zinafanya nini?"

Nikafikiri. "Zinacheza. Zinajisugua."

"Bon. Toka, ukule."

Siku ile nilikula chikwanga yake ya muhogo na samaki yake, na tangu siku ile sijapata kuamini bolti inayong'aa. Nanyi msiamini.

Papa Likenge alikuwa Mprotestanti. Alipiga randa huku akiimba nyimbo za kanisani, na wimbo ulipokuwa mrefu ubao ulitoka mwembamba. Mchana aliniwekea maji ya udhu katika kopo la rangi alilolisafisha yeye mwenyewe. Katika miaka yote tuliyokaa pamoja hakuniuliza hata mara moja kwa nini, wala mimi sikumuuliza juu ya nyimbo zake. Alikuwa na neno moja alilolirudia kwa kila kijana: "Nyumba inasimama. Kamio inatembea. Hapa tunatengeneza mutumbwi, hatutengenezi nyumba." Alimaanisha kwamba kila kiungo kipate nafasi ya kujinyoosha, kwamba usikaze mahali pasipotaka kukazwa, na kwamba kabla ya kupiga msumari uifikirie barabara. Nililisikia neno hilo mara nyingi hata nikaacha kulisikia.

Sasa nifike kwa Papa Idrisa.

Katikati ya miaka hii ya hamsini alikuja karakana, baada ya adhuhuri, akakaa juu ya rundo la mbao bila kuangalia kama zina utomvu. Nilimjua msikitini. Alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Maniema aliyehamia hapa na mkewe, Mama Zaina, zamani. Miaka miwili kabla ya hapo Mama Zaina alianguka jikoni, na nusu ya mwili wake ikalala: mkono, mguu, na upande mmoja wa mdomo. Tangu hapo hakutoka nje ya uwanja wake.

"Salumu," akaniambia, "mi nataka nyumba juu ya kamio."

"Nyumba ya namna gani, Papa?"

"Nyumba. Na mulango. Na kitanda. Na pa kunawa. Mama akae ndani, asibebwe mbele ya macho ya batu. Aende Buta, aone mutoto wake."

Binti yao mmoja tu, Mwamini, alikuwa ameolewa Buta na muuguzi wa hospitali. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyekwisha kutembea, ambaye bibi yake hajapata kumshika. Mwamini mwenyewe hangeweza kuja, kwa maana alikuwa na mimba nyingine, na ile ilimlaza kitandani. Mama huku amelala, binti kule amelala, na kati yao siku mbili za barabara na kivuko cha Banalia. Nyumba za wageni za njiani mnazijua: ni za Wazungu. Sisi tulilala chini ya kamio au kwa wenyeji wema. Mtu mzima anaweza. Mama Zaina asingeweza. Kumkalisha kabinini siku nzima ilikuwa kumuua.

"Amekubali?" nikamuuliza.

"Amesema, kama nyumba yako iko sawa na chumba yake, atapanda. Kama haiko sawa, hapandi. Bon, unamujua."

Nilimjua. Papa Idrisa akaafikiana na patron hivi: karakana itajenga, naye ataichukua siku Mama Zaina atakaposema ndiyo.

Kwanza tulitafuta kamio ya kununua. Zilikuwepo tatu mjini. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyekundu, ya tani tano. Ya pili ilikuwa ya jeshi, iliyobaki tangu vita, ndefu, ya magurudumu sita. Papa Idrisa alipoiona alitembea kuizunguka kama mtu aliyepata ndugu. Ya tatu ilitoka shamba la kahawa. Haikuwa na milango, rangi yake ilikuwa imekwisha, na kuku alikuwa ametaga chini ya kiti.

"Hii iko na sura ya mugonjwa," akasema Papa Idrisa.

"Papa, hununui sura."

"Lakini batu wataniona ndani yake!"

Niliingia chini ya zote tatu. Ile ya jeshi ilikuwa imepakwa rangi mpya mahali pamoja tu pa shasi, na mtu hapaki rangi mahali pamoja bila sababu. Nilipiga nyundo pale. Shasi nzima inaimba, pale ilikohoa. Palikuwa na ufa uliochomelewa. Tena ilikuwa ndefu mno kwa miguu. Tungehitaji ngazi ya kanisa kumpandisha Mama. Ile ya kahawa bolti zake zote zilikuwa nyeusi, na kutu yake imetulia. Shasi ilikuwa imenyooka. Nilivuta kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, nikapata urefu mmoja.

Zikabaki mpya na ya kahawa. Nikaomba mabeseni mawili. Tuliweka mbao chache juu ya kila shasi, mahali kitakapokuwa kitanda, tukafunga beseni la maji lililojaa hadi ukingoni. Alimasi, dereva wa Papa Idrisa, akaenda nalo hadi daraja la Tshopo na kurudi. Muuzaji wa kamio mpya alicheka sana, lakini aliruhusu. Kamio mpya ilirudisha beseni tupu, na Alimasi mwenyewe ameshika kiuno. Springi zake zilitengenezwa kwa tani tano za mzigo. Ukizipa mama mmoja na godoro, zinaruka kama mbuzi. Ile ya kahawa, springi zake zilikwisha kulainishwa na miaka, ikarudisha maji nusu beseni.

Papa Idrisa akatazama mabeseni mawili muda mrefu. Kisha akaenda kumtoa kuku.

Hilo lishikeni. Mtu anayenunua kamio ya kubeba mzigo hutafuta nguvu. Anayenunua ya kulala mgonjwa atafute uchovu wa kiasi.

Tuliiegesha shasi uani, pua kuelekea mtoni, tukaiinua juu ya magogo, kwa sababu injini ilitolewa ikatengenezwe. Kabla ya kukata ubao mmoja nilichora nyumba yote ardhini kwa vigingi na kamba. Mama Zaina akaletwa alfajiri, njia ikiwa bado tupu, juu ya kiti, amefunikwa shela, akalazwa juu ya mkeka ndani ya kamba zangu. Mdomo wake ulikuwa umepinda, lakini maneno yake yalinyooka.

"Hii ni kitanda ama kaburi? Panua."

Nikapanua.

"Pa kunawa iko wapi? Pale? Nitafika na mukono gani? Leta upande wa kuume."

Nikaleta upande wa kuume.

"Na kibla?"

"Kibla uniachie mimi, Mama," nikasema. "Nitakiweka mwenyewe."

Akanitazama, akaridhika. Nami niliridhika kuliko yeye.

Tulijenga kwa wiki nyingi. Mbao za sakafu na nguzo zilikuwa mvule, kuta za triplex, yaani plaiwudi nyepesi, paa la alumini lenye turubai juu yake na nafasi ya hewa katikati, ili jua lipige turubai na lisimpige Mama. Tangi la maji liliwekwa juu, na bomba lake likashuka karibu na mkono wake wa kuume. Kiti cha haja kilikuwa chini ya kifuniko. Mlango ulikuwa nyuma, mpana wa kupitisha kiti, na ubao wa kuteremkia uliokunjwa kwa bawaba. Kila kiungo nilikipa nafasi ya kucheza, kama nilivyofundishwa. Nilijiona nimekuwa mtu wa mitumbwi.

Na kitanda nilikielekeza kibla. Mama Zaina alisali amekaa, mgongo kwenye mito, miguu mbele; basi miguu ielekee Makka. Kibla cha Kisangani nakijua kama njia ya nyumbani kwangu. Nilisimama ndani ya nyumba ile, nikapima, nikakipigilia kitanda sakafuni kikiwa kimekaa upande, mshazari, na mbele yake ukutani nikachonga mihirabu ndogo ya mvule yenye duara la maua. Nilitumia siku nne. Waumini walikuja kuitazama. Mzee mmoja alitoa machozi. Papa Idrisa alileta jamaa zake, nao wakaleta zao.

Papa Likenge wakati huo macho yake yalikuwa yamepungua. Alibaki na kazi ya kunoa tu, akikaa karibu na mlango kwenye kiti chake cha siku zote. Alipapasa kitanda kwa kiganja.

"Kitanda iko pembeni-pembeni."

"Ni kibla, Papa."

"Ah. Kibla." Akarudi kwenye jiwe lake la kunolea.

Injini ikarudishwa. Magogo yakatolewa. Siku ya kujaribu, Mama Zaina akapandishwa kwa kiti, mlango ukafungwa, hakuna jicho lililomwona. Papa Idrisa alikaa mbele na Alimasi, mimi nyuma, juu ya kibao. Tukatoka getini, tukapinda, tukashika barabara ya Tshopo. Mama alifungua dirisha kwa mkono wake mzima. Aliona soko. Miaka miwili hakuliona soko.

"Ona, ona! Yule angali anauza ndizi pale! Na kanenepa!" Akacheka upande mmoja. Mimi nilitazama maji katika kopo lake, hayakumwagika, nikamshukuru Mungu.

Tulivuka daraja, Alimasi akasimama kando ya barabara. Wakati wa alasiri ulikuwa umeingia. Mama akanawa mwenyewe, kwa bomba lake mwenyewe, akajifunika vizuri, akainua mkono ili aanze. Kisha akaushusha. Akatazama dirishani, akatazama kivuli cha mti, akatazama mihirabu yangu.

"Salumu. Jua liko wapi?"

"Kule, Mama."

"Na mto wetu mukubwa tumeuacha nyuma?"

"Nyuma, ndiyo."

"Alors hii mihirabu yako inaangalia Lubunga, stesheni ya treni ngambo ya mto." Akanigeukia. "Unataka nisujudie treni?"

Ndugu zangu, niliitazama njia tuliyotokea. Katika uwanja wa karakana, pua ya kamio ilikuwa inatazama mtoni. Barabarani ilitazama upande mwingine kabisa. Miaka saba ya chuo, na miaka ishirini na zaidi ya kamio, nami nilikuwa nimejenga kibla juu ya magurudumu. Hakuna aliyeona: si mimi, si Papa Idrisa, si wale waumini wote waliokuja kusifu, si mzee aliyetoa machozi.

Alimasi aliyesikia kutoka mbele alishuka akaja dirishani. "Mama, hakuna shida. Kila sala mi nitageuza kamio."

"Mara tano kila siku?" akauliza Papa Idrisa. "Barabara ya Banalia, pori huku, pori huku, utageuza wapi? Juu ya miti?"

Nikajaribu elimu yangu. Nilimwambia Mama Zaina kwa heshima kwamba mgonjwa na msafiri wana ruhusa, na asiyeweza kugeuka husali anakoelekea, na Mungu ni Mwenye kurehemu.

"Ruhusa naijua, mwanangu," akasema, bila hasira. "Ruhusa ni ya mutu asiyeweza. Kwangu nyumbani naweza. Mukono umechukuliwa, muguu umechukuliwa, kupika, kufagia, hata kucheka imebaki nusu. Kitu nafanya mwenyewe sawasawa ni sala. Hiyo siiachi ili nipande kamio." Akafunga dirisha. "Munirudishe."

Tulirudi. Jioni ile Papa Idrisa aliniambia getini, sauti yake ikiwa chini, kwamba barua ya Mwamini imefika, na anauliza mama yake atatoka siku gani. Hakunilaumu. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenilaumu.

Asubuhi patron aliniita.

"Kamio ina kosa?"

"Hapana, patron."

"Nyumba ina kosa?"

"Hapana, patron."

"Sasa kosa ni nini?"

"Inatembea, patron."

Alinitazama, akaondoka. Viatu vyake siku ile havikunifurahisha.

Nikaenda kwa Papa Likenge, nikamweleza yote. Alisikiliza huku ananoa patasi.

"Nilikuambia nini siku zote, Salumu?"

"Tunatengeneza mutumbwi."

"Na wewe ulitengeneza nini?"

"Nyumba."

"Nyumba. Na musikiti ndani."

"Papa, uliona! Uliona kitanda kiko upande. Kwa nini hukusema?"

"Ulisema kibla. Mambo ya dini yako, mi nitaingia wapi? Nilifikiri mwenyewe unajua." Akapapasa makali ya patasi. "Kitu gani inapaswa kugeuka? Kamio?"

"Kitanda tu."

Jua lilikuwa limepanda, na mwanga wa mlangoni ulikuwa umehama mbali na jiwe lake. Papa Likenge aliinua miguu yake yote miwili, akajisukuma kidogo kwa mkono ukutani, na kiti chake kikazunguka naye taratibu, bila sauti, hadi mwanga ukaangukia patasi tena.

Kiti kile kilikuwa kama hiki mnachokijua leo. Ni kitovu cha gurudumu la mbele la kamio iliyokufa, pamoja na ekseli yake fupi, kimesimamishwa juu ya gogo, na ubao wa mviringo juu. Alikuwa amekaa juu yake tangu kabla sijaoa. Nilikuwa nimekipita kila siku.

"Papa," nikasema, nikakigusa kiti.

"Chukua. Nitakaa chini. Mulokele anajua kukaa chini."

Nilikifungua, nikaosha gololi zake kwa petroli, nikatia grisi mpya. Nilikata sakafu katikati ya nyumba na kukifunga kitovu kwenye shasi yenyewe kwa bolti nne. Kitanda nilikipunguza shubiri moja ili kizunguke bila kugusa kuta, na hapo nilimshukuru Mungu kwa kumuumba Mama Zaina mfupi. Chini yake nilitoboa matundu kumi na mawili katika duara, na kigingi kimoja cha mvule cha kukifungia popote kitakapoelekezwa. Nilikisukuma kwa kidole kimoja, kikaenda.

Mihirabu niliing'oa. Siku nne za kazi. Ipo nyumbani kwangu. Wajukuu wanaweka vitana vyao juu yake. Papa Idrisa alinunua dira ndogo, lakini ndani ya kamio sindano yake ilipenda chuma kuliko kaskazini, tukairudisha mfukoni. Jua lilitutosha.

Mama Zaina alipanda mara ya pili. Alimwambia Alimasi apinde kushoto, kisha kulia, kisha asimame popote anapotaka. Aliposimama Alimasi, nilitoa kigingi, nikageuza kitanda, nikarudisha kigingi. Akasali. Alipomaliza alipiga ubao wa kitanda kwa kiganja, kama mtu anayenunua ngoma.

"Idrisa! Lipa batu. Tunaenda. Na huyu aliyetengeneza atapanda na sisi, kama inaanguka, ianguke naye."

Ndivyo nilivyokwenda Buta.

Tulitoka asubuhi. Barabara ilikuwa nyekundu na laini, mvua ilikuwa imenyesha siku mbili kabla. Kila daraja la magogo Alimasi alishuka kulikanyaga kwanza. Tulifika Banalia mchana umepita nusu. Kivuko kile kilikuwa mbao zilizofungwa juu ya mitumbwi mikubwa, na watu wa kusukuma kwa miti mirefu. Walipotuona walipiga kelele.

"Nyumba! Nyumba inakuja!"

Mkubwa wao akasogea dirishani. "Mama, unahama na nyumba? Bwana alikufukuza?"

"Mi ndiyo nilimufukuza," akajibu Mama Zaina. "Umuone pale mbele, anakaa na dereva."

Walicheka hadi mmoja akaangusha mti wake majini. Papa Idrisa alijitazama magoti, lakini aliyekuwa karibu angemwona anatabasamu.

Tulipandisha kamio taratibu, mitumbwi ikazama kiasi, ikashika. Mvua ya juu ilikuwa imejaza mto, na mkubwa wa kivuko aliamua kupanda kwanza kando ya ukingo, kisha kuuachia mkondo kivuko. Ilichukua muda mrefu. Tulipofika katikati, alasiri ilikuwa inaelekea kwisha.

"Salumu," akasema Mama Zaina, "ngambo bado iko mbali?"

"Bado, Mama."

"Basi nitasali hapa."

Nilielekeza kitanda, akaanza. Na mara hiyo mkondo ukatushika, kivuko kikaanza kugeuka. Niliona mraba wa jua uliotoka dirishani ukihama juu ya ubao wa sakafu, kutoka mguu wa kitanda kwenda mlangoni. Nilipiga magoti, nikatoa kigingi, nikaweka viganja viwili chini ya mbao za kitanda. Sikukisukuma. Nilikishika tu kisifuate sakafu. Nyumba ikazunguka, kamio ikazunguka, watu na miti yao wakapita dirishani wakiimba, ukingo wa Banalia ukapita, pori likapita, kisha tena mto mtupu. Mama Zaina alibaki palepale, uso wake mahali pamoja, mkono wake mmoja kifuani, midomo ikisogea upande mmoja. Gololi za Papa Likenge hazikulia hata kidogo.

Alipotoa salamu, kulia na kushoto, tulikuwa tumegusa ng'ambo.

"Ulikuwa unanigeuza?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Nilikuwa nakuzuia tu usigeuke."

Akaitikia kwa kichwa. "Njaa inauma. Mupe dereva ndizi."

Tulilala upande ule, yeye kwake, sisi chini ya kamio. Siku ya pili tulifika Buta. Mwamini hakuweza kutoka, basi Alimasi alirudisha nyuma kamio hadi mlango wetu ukatazamana na mlango wake, tukashusha ubao, na Mama Zaina akapita kwenye kiti kutoka nyumba yake hadi nyumba ya bintiye bila kuonekana na mtu. Sikuingia. Nilisikia tu Mwamini akisema "Mama", mara moja, na baadaye wote wawili wanacheka.

Kesho yake yule mtoto wa kiume aligundua kitanda. Tulimkuta amelala juu yake kifudifudi, anajisukuma ukutani kwa mguu, anazunguka, anapiga kelele. Papa Idrisa alitaka kumshusha.

"Muache," akasema Mama Zaina kutoka kwenye kiti chake. "Niwekeni na mimi."

Tuliporudi, Papa Likenge alikuwa amekaa chini, karibu na mlango, amehama mara ngapi kufuata mwanga sijui.

"Ilizunguka?"

"Ilizunguka, Papa."

"Bon," akasema, akaendelea kunoa.

Nilimtafutia kitovu kingine, nikamtengenezea kiti kile mnachokijua, naye alikikalia hadi Mungu alipomwita. Mama Zaina alikwenda Buta mara tatu zaidi. Nyumba yake sasa imesimama uani kwa Papa Idrisa bila injini, na wajukuu wakija kutoka Buta wanaigombania.

Kiti nimewaachia pamoja na meza. Kikianza kulia, kitieni grisi. Na anayetaka kukipigilia sakafuni ili kisimsumbue, mwambieni akae kwenye benchi.